Siku Simu ya Baba Ilipoona Mboga

Baba alipoinunua ile simu, muuzaji wa pale mjini Tabora alimwambia kamera yake ina akili. Akili bandia, ya kisasa, inajua yenyewe inachokitazama. Ukiielekeza kwa mbwa, kichwa kidogo cha mbwa kinatokea kwenye kona ya kioo. Ukiielekeza kwenye ua, linatokea ua. Kwenye chakula, uma na kijiko. Baba aliileta Sikonge ndani ya mfuko wa shati, ameishikilia kwa mkono kama hati ya shamba, na wiki nzima hatukupumzika. Kuku walipigwa picha. Sufuria zikapigwa picha. Nikamwambia, "Baba, jielekezee wewe tuone kitatokea nini."

Mama alicheka mpaka akaweka ungo chini. Baba hakucheka. Alijielekezea kweli, simu ikampaka sura laini ya bwana harusi, mikunjo yote ya jua la shambani ikayeyuka. Akaitazama picha hiyo kwa muda mrefu.

"Hii kamera ni nzuri," akasema.

Naandika haya nikiwa na hasira, niseme mapema. Watu wamezoea nikifungua mdomo wacheke. Anayetaka kucheka acheke tu, simzuii, mimi mwenyewe nilicheka kwanza.

Nasoma mjini, kidato cha nne, nakaa kwa mama mdogo Itetemia. Kwetu hasa ni Sikonge, unaacha barabara kubwa unashika njia ya vumbi ya baiskeli mpaka uanze kumchukia aliyechagua kuishi huko. Mwalimu wetu wa historia anapenda kutuambia kwamba misafara ilipita huku, wapagazi wa Kinyamwezi na pembe za ndovu mabegani hadi pwani. Anaisema kwa fahari kweli kweli, utadhani yeye ndiye alikuwa anabebewa. Sisi mpaka leo tunabeba, ila sasa ni tumbaku, na tuna baiskeli.

Mwishoni mwa mwezi wa tatu, siku ya kwanza ya likizo fupi, baba alianguka na baiskeli iliyojaa kuni. Mguu ukavunjika mahali pawili. Akapelekwa hospitali mjini, akafungwa hogo la plasta, mama akabaki kumuuguza. Na asubuhi ya siku hiyo hiyo walikuwa wamemaliza kujaza bani la mwisho la msimu, majani ya juu ya shamba zima, yale mazito ambayo baba huyasubiri tangu anapopanda. Nikatumwa niende nikakae na bibi, mama yake baba, tulinde moto.

Kwa asiyejua, bani ni nyumba ya matope ya kukaushia tumbaku, isiyo na dirisha, ila kitundu kimoja cha kuchungulia. Ndani majani yametundikwa kwenye fito, chini yanapita mabomba ya bati yenye moto. Siku za mwanzo moto unakuwa mdogo, ili majani yabadilike taratibu kutoka kijani kuwa manjano. Yakishakuwa manjano yote, hapo unaongeza moto ili kuikamata ile rangi. Ukiongeza mapema unakamata kijani, na kijani kikishakamatwa hakitoki, hata uite mchungaji na shehe waombe kwa zamu.

Bibi ndiye aliyemfundisha baba kazi hiyo. Macho yake yameshaingiwa na ukungu, moshi wa mabani umeyala, lakini pua na vidole viko salama. Mimi na yeye ni watani, kama ilivyo kwa bibi na mjukuu popote kwetu. Ananiita mke mwenza. Babu alishakufa zamani, lakini bado tunamgombania.

"Mke mwenzangu, umeamka?" alinisalimia asubuhi ya kwanza. "Mwanamke anayelala mpaka jua linamchoma miguu, mume atamweka wa nini?"

"Mume mwenyewe yuko kaburini, bibi. Na akifufuka atanichagua mimi, nina meno."

"Meno unayo. Akili ndiyo hukupewa."

Baba alikuwa amenipa ile simu yake ya akili ili tuwasiliane. Yeye huko hospitali alitumia ya mama. Mtandao unapatikana juu ya kichuguu kimoja tu, nyuma ya bani. Jioni hiyo nikapanda nikawapigia. Mama akaweka spika.

"Baba, nina habari mbaya," nikasema. "Limeungua."

Ikaja sauti ya baba, ndogo, ambayo sikuwahi kuisikia: "Nini kimeungua?"

"Bani... la ugali. Bibi kaunguza ugali."

Nilisikia kitanda cha chuma kikilia. Baadaye niliambiwa alikuwa amejaribu kusimama na hogo lake. Mama akanyakua simu. "Mtoto huyu! Mtoto huyu ataniua! Hivi wewe huna mahali pa kusimama?" Mimi nikacheka peke yangu juu ya kichuguu, nikashuka bado nacheka. Kicheko kile ndicho kilichotumaliza.

Siku ya pili, saa saba mchana, nikiwa juu ya kichuguu, baba akapiga. "Pitisha simu kwenye kitundu, piga picha majani, nitumie. Nataka kuona rangi."

Nikapitisha simu. Ndani kulikuwa na giza la matope mekundu na mwanga kidogo unaopenya kwenye paa. Kwenye kona ya kioo vikatokea uma na kijiko.

"Bibi! Simu ya mwanao inasema tumepika mboga!"

"Iambie ilete chumvi," akasema bibi.

Tukacheka wote wawili. Naikumbuka dakika hiyo vizuri kuliko nyingine zote, sisi tunacheka, na simu inafanya kazi yake.

Picha ilitoka nzuri sana. Majani yalikuwa manjano ya kuiva, manjano ya ndizi za sokoni, yanang'aa kama yamepakwa mafuta. Nikaondoa macho kwenye kioo nikachungulia mwenyewe. Pembeni manjano, sawa, lakini katikati ya jani na kando ya mshipa palikuwa na kijani. Nikarudi kwenye kioo, manjano. Nikarudi kwenye kitundu, kijani. Nikadhani ni macho yangu, yametoka juani.

Bibi akaingiza mkono, akanyofoa jani, akalisugua karibu na sikio, akalinusa.

"Bado. Linanuka kisamvu. Mpaka kesho jua likiwa hapa." Akaonyesha juu ya kichwa chake.

Nikapanda kichuguu, nikatuma picha, nikapiga simu.

"Nimeiona!" Baba alikuwa na furaha, ya kwanza tangu avunjike. "Safi kabisa. Mwambie mayo aongeze moto sasa hivi." Mayo ndivyo anavyomwita mama yake, kwa Kinyamwezi.

"Baba, mimi kwa macho naona kama katikati bado kijani."

"Kijani kiko wapi? Nimelala hapa nayatazama."

"Na bibi ameyanusa, anasema mpaka kesho."

"Mayo haoni, na wewe unajua kwamba haoni. Na wewe jana uliniambia limeungua. Leo unaniambia halijaiva. Kesho utaniambia limeota mabawa. Picha haitanii. Ongezeni moto."

Nilishuka nikamfuata bibi, tukarudi naye taratibu mpaka chini ya kichuguu, nikamshika mkono akapanda, nikapiga tena, nikampa simu. Alisikiliza. Akaitikia "ee" mara tatu, akanirudishia.

"Kasemaje?"

"Kasema ana picha."

Akaenda akachukua kuni, akazisukuma mwenyewe kwenye mdomo wa tanuri, kipande kimoja kimoja. Nikamwambia tunaweza kusema tumeongeza, tusiongeze. Mimi kusema uongo sishindwi. Akanigeukia na yale macho yake ya ukungu.

"Bani ni la mwanangu. Akisema tuongeze, tunaongeza."

Baba aliruhusiwa siku ileile tuliyofungua bani, akaja nyuma ya pikipiki, hogo limenyooka mbele kama mzinga wa nyuki. Tukavuta fito za kwanza nje. Pembeni manjano, katikati kijani cha sare ya mgambo. Fito za pili hivyo hivyo. Za katikati ya bani zilikuwa mbaya zaidi.

Baba hakutazama majani muda mrefu. Alitoa simu ya mama, akafungua picha niliyomtumia, akaitazama hiyo. Kisha akaanza kufikiri, na kama angekuwa mjinga tungepona. Lakini baba ni mkulima anayejua kazi yake. Anajua kwamba jani likishakuwa manjano halirudi kuwa kijani, hata moto ukizimika, hata mvua ikinyesha ndani. Kwa hiyo akafika mahali ambapo mtu mwenye akili na picha ya uongo lazima afike.

"Haya siyo majani yangu," akasema.

Mama akauliza, "Una maana gani, siyo majani yako?"

"Yangu haya hapa." Akagonga kioo. "Manjano. Haya ni mabichi ya mtu mwingine."

Jirani yetu wa tumbaku ni baba mdogo, mdogo wake baba, kitindamimba wa bibi. Bani lake lilifunguliwa wiki hiyo hiyo, na lilikuwa limetoka dhahabu tupu. Baba hakumtaja. Alimtazama tu bibi, akatazama upande wa bani la baba mdogo, kisha akamtazama bibi tena.

"Mayo, siku zote ulimpenda yule kuliko mimi. Sikujua ni mpaka kumpa yeye majani yangu."

Nilisema. Nilisema yote, kijani, kisamvu, kitundu, nikapiga na magoti. Baba akasema, "Wewe nyamaza, mtani mwenzake." Mama akaanza kulia. Bibi alikuwa amesimama ameshika ufito mmoja, anapapasa majani, anayanusa moja moja kama anatafuta lile alilolinyofoa siku ile.

Asubuhi yake alifunga kanga zake kwenye fundo na sufuria yake moja. Shangazi yangu ameolewa Kigwa, kule reli inakopita. Bibi akasimama mlangoni pa baba.

"Naenda kwa dada yako. Siku utakaposema kwa mdomo wako kwamba mimi sikuiba, nitarudi. Siku nyingine sirudi."

Baba alikuwa anakuna mguu kwa bua, ndani ya hogo. Aliendelea kukuna.

Shule ilikuwa inafunguliwa, nikaondoka naye. Mjini nikampandisha treni. Nikamwambia dirishani, "Mke mwenzangu, ukifika Kigwa usije ukaolewa ukaniachia mzee peke yangu." Hakunijibu. Katika maisha yangu yote ilikuwa mara ya kwanza bibi hakunijibu.

Mwezi wa tano shuleni wakataka picha ndogo za pasipoti za jalada la mtihani. Nilikwenda kwa mzee mmoja karibu na soko, mtu wa mjini, kofia na kanzu, babu yake alishona kanzu kwenye chumba hicho hicho na cherehani bado iko kona moja. Yeye anapiga picha, kwa simu iliyosimamishwa kwenye mguu wa chuma.

"Shikamoo."

"Marahaba mwanangu. Kaa hapo. Kidevu juu. Usicheke."

"Sijacheka, ndivyo nilivyo."

"Basi kuwa vingine kwa dakika moja."

Akanionyesha. Chunusi zote zilikuwepo. Kovu la nyusi lilikuwepo. Weusi wangu wote ulikuwepo, haukupungua hata kijiko kimoja.

"Mzee, mbona nimekuwa mbaya hivi?"

"Hujawa. Ulikuwa." Akaipeleka kwenye mashine ya kuchapia. "Zamani nilitumia kamera iliyokuja na simu. Ile inampaka mtu. Shule moja ikanirudishia picha za darasa zima, mwalimu anauliza hawa weupe ni wanafunzi wa nani. Nikatafuta programu nyingine ya kamera, ndiyo hii. Hii haipaki, haing'arishi, haidhani. Mwanga ulioingia ndio unaotoka. Wateja wananichukia, lakini picha hazirudi."

"Haidhani? Kwani ile nyingine inadhani?"

"Sana. Ikiona uso inadhani unataka uwe laini. Ikiona chakula, inadhani unataka kipendeze, inakiongezea manjano na wekundu mpaka wali mkavu unaonekana pilau."

Nilikaa kwenye lile benchi lake mpaka akaniuliza kama naumwa. Uma na kijiko. Nilivicheka. Nilimwita bibi aje acheke na mimi.

Akanionyesha jinsi ya kuipakua, bure. Akasema, "Wewe ni wa kwanza kuiomba. Wenzako wote wanaomba ile nyingine."

Mwezi wa sita nikarudi nyumbani. Siku ya soko la tumbaku baba alitaka nimsindikize. Alikuwa anatembea kwa gongo. Marobota yetu yalipangwa kwenye mstari, wateuzi wakapita. Mteuzi ndiye mtu anayechomoa jani, anaangalia rangi, anataja daraja, na msimu wako wa mwaka mzima unaishia hapo. Aliyefika kwetu alichomoa jani, akaligeuza, akalirudisha bila kutaja kitu. Robota la pili, bila kitu. La tatu hakuchomoa.

Baba akamfuata na gongo lake, simu mkononi. "Mtaalamu, ngoja. Tumbaku yangu halisi ni hii. Tazama. Hii."

Yule kijana aliitazama picha kwa adabu. "Nzuri," akasema. "Lakini mzee, sisi hatununui picha."

Watu walicheka. Mimi, ambaye sijawahi kuacha kicheko cha mtu kipite bila kukisindikiza, nilitamani niwakate ndimi.

Kesho yake, saa saba mchana, nilichukua jani kutoka kwenye marobota yaliyorudi, nikalitundika ndani ya bani, palepale mbele ya kitundu. Nikaomba simu ya baba nikisema nataka kumpigia mwalimu. Nikapanda kichuguu, nikaitafuta programu ile ya mzee wa picha, nikaipakua, nikarudi kwenye kitundu. Kwanza nikapiga na kamera ya akili. Uma na kijiko, kisha jani zuri la manjano. Halafu nikapiga na ile isiyodhani. Picha yenye giza, yenye chembechembe kama mchanga, mbaya, hakuna wa kuitundika ukutani. Na jani la kijani.

Nikampelekea baba. Akatazama ya kwanza, akatazama ya pili, akarudisha macho kwenye ya kwanza.

"Hii ya pili umeiharibu."

"Sijaigusa, baba. Ya kwanza ndiyo iliyoguswa. Simu inaigusa yenyewe."

"Nyinyi vijana mnajua kuchezea picha. Ona ilivyo chafu. Picha ya kweli inakuwa hivi?"

Kumbe ukweli ukiwa na sura mbaya unaulizwa kitambulisho. Nikamwambia, "Twende bani. Piga wewe. Mimi nitasimama mbali hata simu nisiiguse."

Alikwenda, nadhani ili anyamazishe mdomo wangu. Akapitisha simu kwenye kitundu kwa mkono wake mwenyewe. Akaona uma na kijiko. Akaona jani la manjano. Kisha akaishusha simu, akaweka jicho kwenye kitundu. Akaipandisha tena. Akaishusha. Mara tatu. Mara ya tatu gongo lilimteleza, nikakimbia kulishika, akanizuia kwa kiwiko.

Nilisubiri. Nilikuwa tayari nimeshaona kichwani treni, bibi anashuka na fundo lake, ananiambia meno yangu yamezidi kuwa makubwa.

"Usimwambie bibi yako," akasema baba.

"Nisimwambie nini?"

"Haya mambo ya simu. Wala baba yako mdogo. Wala mtu yeyote."

"Baba, bibi anasubiri neno moja tu. Useme hakuiba."

"Nimeshasema usimwambie. Watu watanionaje? Mtu wa mabani miaka yote hii, kadanganywa na simu aliyoinunua mwenyewe?"

Akaiweka simu mfukoni, ule mfuko wa shati, akaondoka kwa gongo lake. Nilimtazama mgongo. Nilikuwa na maneno mengi ya kumrushia, mengine ya kuchekesha kabisa, na kila moja lilikuwa la kweli: kwamba kwake ni nafuu mama yake awe mwizi kuliko yeye kuonekana mshamba. Sikurusha hata moja. Bado najilaumu.

Mama alinipa simu yake bila kuniuliza naitaka ya nini. Nikapanda kichuguu, nikampigia shangazi Kigwa, akampa bibi. Nilimweleza yote, uma, kijiko, jani, mara tatu. Upande wake mbuzi alikuwa analia karibu na simu.

"Kwa hiyo ameona," akasema bibi.

"Ameona kwa macho yake."

"Na amesemaje?"

Ningeweza kumdanganya. Ningesema baba kasema urudi, analia, anaomba radhi. Bibi angepanda treni kesho yake na mimi ningepata shida zangu baadaye. Safari hii mdomo wangu ulikataa.

"Amesema nisikuambie."

Mbuzi alilia tena. Nikadhani simu imekatika.

"Basi hajasema," akasema bibi.

Akaniuliza kuku wake mwenye kishungi bado anataga. Nikamwambia anataga. Akasema nikija Kigwa nimletee, nimfunge miguu vizuri asiumie njiani, na jogoo pia.